Mwanangu karudishwa nyumbani kwa chawa mara ya tatu muhula huu. Ni uchafu wetu au kuna kitu hatuambiwi?

#1 Mama Pacha
Wakuu, habari za jioni. Sitazunguka.

Nina mapacha wa miaka tisa, wa kike na wa kiume, darasa moja, dawati moja. Leo binti karudi saa nne asubuhi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kaifumbata kiganjani njia nzima, hakuitia kwenye begi, na alipoifungua ilikuwa imelowa jasho. "Mwanao ana chawa. Asirudi mpaka awe safi." Kaka yake kabaki darasani, hana kitu.

Hawa wanalala chumba kimoja. Wanaoga kila siku, sabuni ile ile. Mara ya kwanza nilimpaka dawa ya kununua. Mara ya pili nikampaka tena na kumkata nywele usawa wa masikio, akalia siku mbili. Leo hata nguvu ya kumgombeza sina.

Kama ni uchafu, mbona pacha wake hana? Kama anaambukizwa huko huko shuleni, mbona anayerudishwa ni wangu tu? Na hilo neno "safi" limenikwama kooni tangu asubuhi.

#2 Kipara Ngoto
Nimefungua uzi mbio nikijua mnawasema wale chawa wa mabosi, kumbe ni wenyewe wenye miguu sita. Kwangu mdudu akitua anateleza. Nimekaa mbele hapa, endeleeni.

#3 Usafi Kwanza
Mama Pacha usikasirike, ila chawa ni uchafu, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Bweni kwetu waliokuwa na chawa tuliwajua, ni wale wale wakwepa bafu. Choma mito ya zamani, puliza dawa chumba kizima, mnyoe mtoto upara. Chawa wanaruka kitanda hadi kitanda. Huyo wa kiume labda anajisugua vizuri kuliko dada yake.

#4 Muuguzi Mstaafu
#3, umeandika mistari mitano na makosa matano, sijui nianze na lipi.

Chawa haruki. Hana mbawa, na miguu yake si ya kurukia kama ya kiroboto, ni ya kushikia unywele. Anachojua ni kutambaa, tena kwenye nywele anakwenda kasi, hadi sentimita 23 kwa dakika. Mtoe kichwani umweke kwenye shuka, amekuwa samaki nchi kavu. Anahitaji damu mara kadhaa kwa siku na joto la kichwa, kwa hiyo siku moja au mbili amekwisha. Ukipuliza sumu chumbani utawakohoza watoto, chawa mwenyewe yuko kichwani anakutazama. Shuka na foronya alizolalia siku mbili za karibuni zifuliwe kwa maji ya moto, yatosha.

Kuoga: chawa akimwagiwa maji anaukumbatia unywele na kufunga matundu ya kupumulia. Anaweza kukaa majini saa kadhaa na asife. Mtoto akioga kila siku, unachopata ni chawa anayeoga kila siku. Nimekagua vichwa miaka mingi, vya watoto waliokuja kwa gari na vya waliokuja peku. Vichwa safi vinavyonukia sabuni nimekuta navyo. Na wale wanaosema chawa anapenda nywele safi zaidi, hao nao wanajifariji tu. Anachotafuta ni damu, na damu kila kichwa kinayo.

Kuhama kwake ni kichwa kugusa kichwa, basi. Kofia, kitana na kitambaa vinaweza, lakini ni mara chache.

Mama Pacha, nikuulize: huyo wa kiume umemkagua kwa nini, kwa macho au kwa kitana?

#5 Mama Pacha
Kwa macho. Nilimsimamisha dirishani nikamgeuza geuza. Nywele zake fupi, ningemwona.

#6 Muuguzi Mstaafu
Usingemwona. Kichwa cha kawaida chenye chawa kina wadudu kumi hivi, pungufu au zaidi kidogo. Mkubwa kabisa ni kama punje ya ufuta, milimita mbili au tatu, na anakimbia mwanga. Tunutu, yaani chawa wachanga, ni wadogo zaidi. Kitana cha meno ya karibu karibu kinawanasa takriban mara nne kuliko macho. Lowesha nywele, paka kondishena nyingi ili wazubae, chana toka kwenye ngozi mpaka ncha, pangusa kitana kwenye karatasi nyeupe kila mara. Kagua nyumba nzima, na wewe mwenyewe. Urudi utuambie.

#7 Chaki Nyeupe
Naona mwalimu anasemwa kimya kimya. Hizo karatasi mimi ndiye naziandika, si kwa Mama Pacha, kwa wengine.

Nina watoto 52. Nikimwacha mtoto mwenye chawa, kesho asubuhi wazazi kumi wako mlangoni wanauliza kwa nini mtoto wao kakalishwa na "yule". Nikimrudisha, anakuja mmoja tu. Fanyeni hesabu. Na neno "safi" halikutoka moyoni mwangu, karatasi ilichapwa kabla sijaajiriwa, tunatoa nakala ya nakala.

Ila kuhusu kurudishwa wa kike peke yake, nitasema kweli. Tukikagua tunakagua wasichana. Wavulana tunawaangalia kisogo kwa sekunde mbili, zamu inapita. Hakuna aliyetuagiza, ni mazoea.

#8 Mama Pacha
#7, afadhali umesema.

#9 Msusi wa Pembeni
Niingie kwa upande wa saluni. Nasuka mwaka wa kumi na moja huu. Wavulana hawana kwa sababu nywele fupi hazina pa kushika. Na nywele zikisukwa zikabana, chawa hapiti. Nywele za kipilipili ndiyo kabisa, hazimtaki. Wa kwangu nawasuka kila wiki mbili na sijawahi kuona.

Tatizo letu sisi ni jingine. Mama anamleta binti, nafungua msuko, naona mayai yamejipanga nyuma ya masikio. Nikisema mbele ya wateja, yule mama hatarudi, na waliosikia hawatarudi pia. Nikinyamaza, kitana changu kinaenda kwa mwingine. Siku hizi naandika kwenye simu, namwonyesha mama peke yake, kisha nachemsha vitana. Kuna mmoja alisoma, akafuta ujumbe kwenye simu YANGU, akanirudishia na tukaendelea kusuka.

#10 Kipara Ngoto
Kafuta kwenye simu yako 😂 Huyo apewe ofisi.

#11 Bwana Wadudu
Msusi, la nywele za kipilipili lina ukweli nusu, na nusu yake imewadanganya wengi. Kweli Marekani watoto wenye asili ya Afrika hupata chawa mara chache kuliko wenzao. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba kucha za chawa wa kule zimezoea unywele wa mviringo, na unywele wa kipilipili ukiukata ni bapa kidogo, mshiko unateleza. Lakini Afrika chawa wa kichwa wapo, na wanashika nywele hizo hizo bila shida. Mdudu anajirekebisha na kichwa alichonacho. Kwa hiyo si kinga, ni chawa gani yuko mtaani kwako.

Kusuka kunapunguza nywele zinazopeperuka na kugusana, sawa. Ila chawa aliyekwisha ingia anakaa chini ya msuko kwa raha zake, hata kitana hakimfikii.

Ya pembeni: chawa wa kichwa na chawa wa nguo ni ndugu wa karibu sana, na yule wa nguo alitokana na wa kichwa binadamu alipoanza kuvaa. Watafiti wakapima vinasaba vyao ili kukisia ni lini tulianza kuvaa nguo. Jibu ni miaka 70,000 hivi iliyopita.

#12 Mla Kalamu
#11, hiyo ya 70,000 ni hesabu ya 2003. Utafiti wa 2011 uliirudisha nyuma mpaka kama miaka 170,000.

#13 Bwana Wadudu
Kweli mkuu, nilikariri ya zamani. Asante.

#14 Kipara Ngoto
Yaani babu zetu walivaa nguo na aliyeweka kumbukumbu ni chawa.

#15 Baba wa Jumamosi
Mimi nina kisa ambacho hakimo kwenye maelezo yenu. Mimi na mama watoto tuliachana. Watoto wanakaa kwake siku za shule, kwangu wanakuja Ijumaa jioni. Mwaka jana kila Jumatatu ananipigia: "Umewarudisha na chawa." Na mimi kila Ijumaa nawakuta wanajikuna, nikajua wametoka nao kwake. Miezi minne. Kila mmoja anatibu nyumba yake wiki ambayo mwenzake hatibu. Binti mkubwa ndiye aliyetukatisha. Alitupigia wote wawili simu moja akasema, "Jumapili saa kumi, nyumba zote mbili, vichwa vyote." Ana miaka kumi na mbili. Wakaisha.

Mpaka leo sijui walianzia kwa nani, na mama yao ana hakika ni kwangu.

#16 Muuguzi Mstaafu
Huyo binti ajiandikishe uuguzi.

#17 Mla Kalamu
Mnabishana nywele na kucha, mimi naona hapa kuna jambo la muda. Kuchana kichwa kimoja vizuri ni nusu saa na kuendelea, nywele nyingi ni saa nzima. Siku ya 1, ya 5, ya 9, ya 13. Mtu mzima aliyekaa chini, mwenye mwanga, asiye na haraka, mara nne kwa wiki mbili. Mama anayetoka kazini usiku na watoto wanne wanaolala kitanda kimoja atalitoa wapi? Nyumba ya pili watoto wawili, kila mmoja na kitanda chake, dada wa kazi yupo, mwanga upo. Chawa ni wale wale, ila huku wanaisha wiki mbili, kule wanakaa mwaka. Halafu tunapita tunaona kule, tunasema uchafu.

Kubanana kwenyewe kunachangia pia. Vichwa vinne mto mmoja, chawa hahitaji nauli.

#18 Usafi Kwanza
Sasa hapo si umenirudia? Umaskini na uchafu wanatembea pamoja.

#19 Mla Kalamu
Hapana. Nimesema muda na vitanda. Sabuni umeileta wewe.

#20 Nywele Fupi
Sikutaka kuchangia ila hii kitu imenikamata.

Nilikuwa na miaka kumi. Jumatatu, mstarini, shule nzima imesimama. Waliitwa majina saba, wote wasichana. Tulikalishwa kwenye benchi refu lililotolewa darasani, mwalimu wa zamu na mkasi. Hakunyoa kichwa chote, alikata njia moja tu, toka paji la uso mpaka utosini, ili ukifika nyumbani mzazi asiwe na hiari ila kumalizia. Mkasi ulikuwa butu, unavuta kabla ya kukata. Zangu zilidondoka kwenye mapaja, nikawa nazikusanya nafumbata kwenye sketi kama nitazirudisha.

Nilirudi nyumbani kupitia njia ya nyuma. Mama hakusema neno, alinimalizia. Chawa waliisha kweli, hilo siwezi kukataa. Mwezi uliofuata darasa letu lilikuwa nao tena, na safari hii hakuna mtoto aliyemwambia mwalimu kichwa kinamwasha. Tulijifunza kujikuna kwa kalamu, unaipenyeza taratibu kama unayefikiri.

Nina miaka 34. Nimesoma uzi huu nikijikuna tangu posti ya kwanza.

#21 Mama Pacha
Nywele Fupi, pole sana dada. Binti yangu jana nimemwona na kalamu hivyo hivyo. Nilidhani anafanya hesabu.

#22 Chaki Nyeupe
Pole. Mimi nilikuwa kwenye benchi kama hilo.

#23 Usafi Kwanza
Pole kwa dada #20, ule ni ukatili, sikuutetea. Ila msisahau chawa wanaleta magonjwa. Homa ya chawa iliua watu kwa mamilioni vitani. Shule ikichukua tahadhari si kosa.

#24 Bwana Wadudu
Hapa ndipo wale ndugu wawili wanapochanganywa. Homa unayoisema, taifasi, inaenezwa na chawa wa nguo. Aliyeligundua ni Charles Nicolle, Tunis, mwaka 1909. Aliona wagonjwa wanaambukiza watu mpaka mlangoni mwa hospitali, lakini wakishavuliwa nguo na kuogeshwa, wodini hawaambukizi mtu. Akajua kilichobeba ugonjwa kimebaki kwenye nguo. Alipata Nobel 1928. Homa ya mahandaki na homa ya vipindi inayoletwa na chawa ni za huyo huyo wa nguo.

Wa kichwa anawasha, ananyima usingizi, mtoto akijikuna sana anaweza kupata vidonda vikaingia usaha. Vinasaba vya baadhi ya vijidudu vimewahi kukutwa ndani yake, lakini kueneza maradhi si sifa yake.

Ila nikupe haki yako, Usafi Kwanza. Kwa chawa wa nguo uko sahihi kabisa. Yeye anataga kwenye pindo la nguo, na nguo zikifuliwa na kubadilishwa anakufa. Huyo ndiye wa uchafu, au tuseme wa watu wasio na nguo ya pili. Lawama zake tumembebesha ndugu yake wa kichwani.

#25 Kijana wa Data
Hakuna aliyetaja simu. Watoto siku hizi wanne kwenye skrini moja, vichwa vimegongana, na kila dakika picha ya pamoja, shavu kwa shavu. Zamani tulicheza mpira, nani alimgusa mwenzake kichwa? Chawa wamepata daraja.

#26 Chaki Nyeupe
Shuleni kwangu simu ni marufuku na chawa tunao.

#27 Mla Kalamu
Na walikuwepo kabla ya simu, kabla ya shule, kabla ya karibu kila kitu. Kule Lakishi, mji wa kale wa Wakanaani, wachimbaji walipata kitana kidogo cha pembe ya ndovu, hakifiki sentimita nne. Upande mmoja meno manene sita ya kufumua nywele, upande wa pili meno 14 membamba ya kutolea chawa. Kilikaa kwenye mkusanyiko miaka kadhaa mpaka mtafiti alipokiangalia kwa karibu akaona kimechorwa herufi. Mwaka 2022 wakachapisha usomaji wake. Maneno saba tu, ni dua kwamba pembe hii ing'oe chawa wa nywele na ndevu. Inakadiriwa ni kama mwaka 1700 kabla ya Kristo, na ndiyo sentensi kamili ya zamani zaidi inayojulikana kwa maandishi ya alfabeti. Kwenye meno kulikuwa na mabaki ya tunutu.

#28 Kipara Ngoto
Binadamu kapata alfabeti, akafikiria aandike nini kwanza. Chawa. Namwelewa.

Halafu pembe ya ndovu si kitu cha mkata. Usafi Kwanza, hata mabosi wa Lakishi walikuwa wachafu?

#29 Kijana wa Data
Bado sijaondoka kwenye simu yangu. Sijasema zimeleta chawa, nimesema zimeongeza.

#30 Bibi Alisema
Mnasoma sana. Kichwa kipakwe mafuta ya taa, kifungwe kitambaa usiku kucha, asubuhi wote chini. Sisi tulikua hivyo.

#31 Muuguzi Mstaafu
TAFADHALI usifanye hivyo, yeyote anayesoma. Nimewahi kumfunga bendeji mtoto aliyepakwa mafuta ya taa akasogea karibu na moto wa kupikia. Hata pasipo moto yanachoma ngozi, na mvuke wake si wa kulala nao. Dawa za kuulia wadudu wa shambani vivyo hivyo, usijaribu.

#32 Mfamasia Zamu ya Usiku
Nimechelewa, nipo kazini. Kuhusu dawa ya kununua aliyosema Mama Pacha, uwezekano mkubwa ni permethrini. Ilikuwa nzuri sana miaka ile. Tatizo chawa wameizoea. Utafiti uliochapishwa 2016 ulipima chawa wa majimbo 48 ya Marekani, ukakuta mabadiliko ya vinasaba yanayowapa usugu kwa kiasi cha asilimia 98. Si kila pahala pako hivyo, lakini mtu akiniambia dawa haikufanya kazi, simwiti mwongo tena.

Jambo la pili ni hili ambalo wengi wanaliacha. Dawa nyingi haziui mayai yote. Yai linaanguliwa kati ya siku ya saba na ya kumi. Ukipaka mara moja ukatupa chupa, wiki ya pili kizazi kipya kiko kazini, na jike aliyekomaa anataga mayai sita mpaka kumi kwa siku. Rudia kama siku ya tisa. Zipo za dimethikoni, hizo hazina sumu, zinamfunika mdudu anakosa namna ya kutoa maji mwilini, na usugu hauzihusu sana. Aivamektini ipo pia, ila kwa hiyo muone daktari, usijipimie.

Mama Pacha, ulirudia siku ya tisa?

#33 Mama Pacha
Sikurudia. Kwenye karatasi ya dawa yaliandikwa maandishi madogo mno, na nilipoona hajikuni nikajua yameisha.

#34 Mfamasia Zamu ya Usiku
Kujikuna si kipimo. Muwasho ni mwili kuyakataa mate ya chawa, na kwa anayepata mara ya kwanza unaweza kuchukua wiki nne hadi sita kuanza. Kwa hiyo mwezi mzima mtoto anao, anagawa, na hajui. Anayejikuna darasani si lazima awe aliyeleta.

#35 Mama Pacha
Nimerudi. Saa tatu nimekaa kwenye kigoda, mgongo si wangu tena.

Binti: saba, wawili wakubwa, waliobaki vidogo vidogo kama vumbi linalotembea. Kaka yake, yule "hana kitu": watatu. Alipowaona kwenye karatasi nyeupe akaomba tusiwaue kwanza, akawahesabu miguu. Sita kweli.

Halafu nikajichana mimi. Kumi na mmoja.

Wakuu, mimi sijikuni. Au najikuna na nimezoea, sijui. Nimekaa nimetazama ile karatasi. Mara tatu nimemtibu mtoto, usiku nikamlaza begani mwangu nikambembeleza kwa sababu amelia kunyolewa.

#36 Baba wa Jumamosi
Hapo ndipo penyewe. Usijilaumu, wote tumepita.

#37 Msusi wa Pembeni
Nimejichana na mimi baada ya #35. Sina. Lakini wa kwangu wa pili anaye mmoja. Chini ya msuko, #11, kama ulivyosema. Nimefumua usiku huu huu.

#38 Nywele Fupi
Kwa hiyo nani alimwambukiza nani? Mama kwa binti au binti kwa mama?

#39 Bwana Wadudu
Wadudu kumi na mmoja hawana cheti cha kuzaliwa.

#40 Mama Pacha
Dada yangu anasema ni darasani. Mume wangu anasema ni saluni yangu. Mimi nawaza ule msiba wa mwezi wa pili tuliolala wanawake ishirini chini kwenye chumba kimoja. Na bado mwalimu hajakagua wavulana.

#41 Jirani Mwema
Wahenga walishasema, kidole kimoja hakivunji chawa.

#42 Kipara Ngoto
Posti ya 41! Nilikuwa nahesabu ataitoa nani. Niliweka dau mwenyewe kwamba haivuki 15.

#43 Muuguzi Mstaafu
Hilo la kurudisha watoto tusiliache. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao AAP, wanasema mtoto mzima wa afya asizuiwe shule kwa chawa wala mayai, na walilirudia 2022. Mtoto unayemkuta nao leo alikuwa nao wiki kadhaa nyuma, kumtoa saa nne asubuhi badala ya saa tisa alasiri hakuokoi mtu. Na mayai yaliyo mbali na ngozi zaidi ya milimita sita kwa kawaida ni maganda matupu. Kuna watoto wanakaa nyumbani wiki kwa sababu ya maganda. Wengine kwa sababu ya mba.

Tena si jambo la jana. New York mwaka 1902 watoto walikuwa wakirudishwa kwa maelfu kwa chawa, magonjwa ya macho na mapunye, na hakuna aliyewatibu huko walikorudishwa. Wakamleta muuguzi mmoja, Lina Rogers, kwenye shule nne kwa mwezi wa majaribio. Akatibu hapo hapo shuleni, akafuata wengine majumbani. Wakaongeza wauguzi. Mwaka mmoja baadaye waliorudishwa kwa mwezi walishuka toka zaidi ya 10,000 hadi kama 1,100.

#44 Chaki Nyeupe
Nipeni basi huyo muuguzi. Mimi nina chaki na karatasi zilizochapwa.

Leo nimewakagua wavulana. Kwa kitana, mmoja mmoja, nyuma ya kabati ili wenzao wasione. Sita. Karatasi sikuandika, nimekwama niandike nini badala ya "asirudi mpaka awe safi".

#45 Nywele Fupi
"Darasani kuna chawa. Kagueni vichwa vya nyumba nzima Jumapili." Bila jina la mtoto.

#46 Chaki Nyeupe
Mkuu wangu atasema nimechafua jina la shule. Nitajaribu.

#47 Kipara Ngoto
Usafi Kwanza kapotelea wapi? Tangu #23 kimya.

#48 Usafi Kwanza
Nilikuwa na shughuli.

#49 Kipara Ngoto
Ya kuchana?

#50 Usafi Kwanza
Mfamasia, ile ya dimethikoni inafaa kwa mtoto wa miaka mingapi?

#51 Mfamasia Zamu ya Usiku
Soma kiboksi, zinatofautiana. Njoo faragha nikuelekeze.

#52 Mama Pacha
Tumerudia leo siku ya tano. Binti mmoja, kaka hana, mimi wawili.

Jana usiku niliandika kwenye kundi la wazazi wa darasa. Niliandika nikafuta mara nne. Mwisho nikatuma: "Nyumbani kwetu tumekuta chawa, mimi mwenyewe ninao. Tunachana Jumapili saa kumi. Mkagueni na nyie." Wazazi 49 wameusoma. Hakuna aliyejibu, mmoja kaweka tangazo la sare juu yake.

Ila faragha wamenifuata saba mpaka sasa. Wa kwanza ni yule ambaye muhula uliopita aliomba mwanawe ahamishwe dawati. Ameniuliza kitana nilinunua cha namna gani.